Gwaride Lisilo na Bunduki

Kibuyu cha mganda hakipulizwi, huimbiwa. Mgeni akiwaona wachezaji wamejipanga mistari, kila mmoja na kibuyu chake mdomoni, hudhani zile ni tarumbeta na kwamba mlio unatokana na nguvu ya pumzi. Kumbe mchezaji anaimba humo ndani kwa sauti yake mwenyewe. Kwenye kibuyu kuna tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito ambao buibui hufungia mayai yake kwenye kuta za udongo na magome ya miti. Sauti ikipita, utando unatetemeka. Unaoingia ni wimbo wa mwanadamu, unaotoka una ukali wa shaba. Kikosi kizima kikiimba kwa pamoja, mvuvi aliye mbali mtumbwini anaweza kuapa kwamba kijijini imeingia bendi ya jeshi.

Ngoma hii ni ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Upande wa Tanzania, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli na vijiji vya jirani mkoani Ruvuma, inaitwa mganda. Upande wa Malawi, huko Nkhata Bay na katika kisiwa cha Likoma, wanaiita malipenga, na Wachewa wa Malawi ya kati nao wana mganda wao. Wanawake wana kioda, yenye mistari yake, sare zake na viongozi wake, nayo inastahili kuandikiwa makala yake peke yake. Mimi nina neno moja la kusema juu ya mganda: naamini ni kumbukumbu ya vita, na wanaokumbukwa humo ni watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hilo halionekani mara moja. Mganda ni ngoma ya furaha, ya kutembeleana baada ya mavuno, ya kushindana na kutunzana, na hakuna anayeulilia. Inabidi uutazame kwa subira, kuanzia mikono ya fundi hadi nyayo za mchezaji.

Fundi huanzia shambani. Vibuyu havifanani hata vikitoka kwenye mmea mmoja: kimoja hurefuka shingo, kingine hujaa tumbo, kingine hupinda kwa sababu kililalia jiwe. Mtu asiye fundi huona kasoro pale ambapo fundi anaona sauti. Shingo nyembamba ataitumia kwa mdomo, tumbo pana ataligeuza kuwa kinywa cha kutolea mlio. Kibuyu huachwa kikauke mpaka mbegu zicheze ndani, kisha hukatwa, hukwanguliwa nyama yake ya ndani na kulainishwa. Kwa vyombo vikubwa kipande kimoja hakitoshi. Fundi huunganisha vipande viwili au zaidi, akiziba maungio kwa nta ya nyuki, hadi apate umbo refu lenye mdomo uliopanuka, ambalo kwa mbali huwezi kulitofautisha na tarumbeta ya kikosi.

Vyombo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali. Vidogo hubeba sauti za juu, vya kati hujaza katikati, na vile vikubwa, vinavyoshikwa kwa mikono miwili, hunguruma chini kabisa. Hapo fundi anahitaji sikio zaidi ya kisu. Kibuyu lazima kilingane na koo la atakayekitumia, maana mtu mwenye sauti nene akipewa kibuyu chembamba atakwaruza tu. Kwa hiyo fundi mzuri huwajua vijana wa kikosi chake kwa sauti kama mshonaji anavyowajua wateja wake kwa mabega.

Kisha kuna ule utando. Ukiwambwa kwa kukazwa mno, unakuwa bubu. Ukilegea, unapiga kelele za ovyo na wimbo unapotea. Ukipata unyevu, unashikamana na kufa. Unatakiwa ukae pale pale katikati, umetulia lakini uko tayari, na hakuna kipimo cha kumwelekeza fundi zaidi ya kuguna ndani ya kibuyu, kusikiliza, kuubandua na kuubandika upya. Nawavulia kofia watu walioutazama ukuta wenye buibui wakaona chombo cha muziki. Shaba inatoka kiwandani ng'ambo ya bahari na inataka fedha. Watu hawa walitaka sauti ya shaba, wakaitafuta shambani na ukutani kwao, wakaipata.

Ngoma yenyewe, ile kubwa ya kuwambwa pande zote mbili, hupigwa kwa rungu kama ngoma ya gwaride. Kazi yake ni kushika mwendo. Wimbo kwanza huimbwa kwa mdomo mtupu ili watu wasikie maneno, kisha vibuyu vinaupokea na maneno yanazama ndani ya mlio. Wanaoujua wimbo wanaendelea kuyasikia. Wasioujua wanasikia bendi tu.

Sasa tazama miguu. Kiongozi anapiga filimbi, na mistari inasogea. Aliyepita jeshini au hata mgambo atatambua mara moja: hapa kuna mguu sawa, kuna kulia geuka, kuna nyuma geuka. Lakini mwendo umepunguzwa. Askari wa kweli hupiga mguu chini na kwenda, ilhali mchezaji wa mganda anauinua, anauchelewesha, anauteremsha kwa madaha, goti likilegea na bega likifuata taratibu. Mwili mzima unayumba kidogo, halafu unanyooka. Anaposimama, wote wamesimama. Anapogeuka, wote wamegeuka, na nyayo zote zinafuta vumbi mara moja. Ugumu wa mganda uko kwenye ule ucheleweshaji. Kwenda kasi kwa pamoja ni rahisi, kwa sababu kasi yenyewe inawabeba watu. Kwenda polepole kwa pamoja, huku unaimba ndani ya kibuyu na jasho linakuingia machoni, ni kazi ya mazoezi ya jioni nyingi. Mkononi hakuna bunduki. Kuna kibuyu, au fimbo, au usinga.

Mwendo huu una historia, na sehemu yake imepita papo hapo ziwani. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia ghuba ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, aliyekuwa akifahamiana na mwenzake wa Gwendolen, hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Mwezi uliofuata watu walipigana Karonga, upande wa juu wa ziwa. Mwaka 1917 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwaka uliofuata alirudi akipitia nchi ya Songea na Njombe. Alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Ukiichora njia hiyo kwenye ramani utaona kwamba mwambao wa Nyasa ulikumbwa na vita tangu siku za mwanzo hadi za mwisho.

Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walikuwa batalioni 3 vita vilipoanza, na 22 vilipoisha. Nyuma yao walitembea watu wengi kuliko wao mara nyingi: wapagazi. Pwani na bara waliitwa Kariakoo, jina lililobaki kwenye soko la Dar es Salaam na mtaa wa Nairobi. Nyasa waliitwa tengatenga. Hawakuwa na bunduki. Walibeba mizinga iliyofunguliwa vipande, masanduku ya risasi, magunia ya chakula na maofisa wagonjwa. Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Risasi iliwaua wachache. Waliouawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa walikuwa wengi mno, na makadirio ya wanahistoria kwa upande wa Waingereza peke yake yanakaribia watu 100,000. Wapagazi wa Wajerumani wako nje ya hesabu hiyo.

Walizikwa kando ya njia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja ilipita kabla ya karatasi kusema hivyo. Kwenye vijiji vya ziwa, mistari ya mganda ilikuwa ikizunguka uwanjani muda wote huo.

Ngoma hizi za gwaride zilianzia mbali na ziwa. Beni, chanzo chao, ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikiwa na vyama vilivyoshindana kwa mapambo na nyimbo. Vita vikaibeba. Askari waliicheza kambini, mateka wakaisikia Tabora, wapagazi wakaishika miguuni na kurudi nayo. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975, na anaonyesha jinsi ilivyobadilika kila ilipofika: vyama vya Marini na Arinoti huku Tanganyika, mganda na malipenga ziwani, kalela katika migodi ya shaba ya Zambia. Mara baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi, wakavichunguza vyama vya beni wakihofia kuna njama ya siasa. Wengine waliicheka, wakasema ni Waafrika wanaomwiga Mzungu.

Nalipinga neno hilo. Anayeiga hutaka afanane. Mganda umelichukua gwaride na kuliondolea kila kitu kilicholifanya liwe gwaride la vita: bunduki, haraka, amri ya kuua. Umebakiza yale ambayo watu walikuwa wamefanyiana wao kwa wao: kupanga mstari, kumwangalia mwenzako wa kulia, kutembea pamoja mwendo mmoja. Aliyenusurika alirudi akiwa na mwendo huo mwilini, na aliyekuwa pembeni yake hakurudi. Katika kijiji ambacho hakikuletewa barua, wala medali, wala mwili wa kuzika, kitu pekee kilichorudi cha marehemu ni namna alivyokuwa akitembea. Nani mwingine angeihifadhi kama si ndugu yake aliyetembea naye?

Tazama mavazi pia. Kikosi cha mganda huvaa mashati meupe, kaptula nyeupe au suruali, soksi ndefu zilizovutwa hadi gotini, viatu vilivyong'arishwa, tai. Nguo zimefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo yake inakata, na baada ya siku nzima kwenye vumbi mchezaji bora ni yule ambaye bado yuko safi. Watazamaji wa nje wameona hapo tamaa ya uzungu. Mimi nakumbuka kwamba askari wa King's African Rifles walipigana bila viatu, na mpagazi alikufa na blanketi moja na nguo zilizochanika. Kizazi kilichoyaona hayo kilipounda ngoma yake kiliwavika watu wake weupe mtupu kuanzia shingoni hadi vidoleni, kikawapa vyeo: kingi, kapteni, sajini, dokta. Hakuna mpagazi katika mganda. Hakuna anayebeba mzigo wa mtu.

Kuna sehemu moja inayonishika zaidi ya zote, nayo iko kwenye kalela, ndugu yake mganda. Mwanasosholojia J. Clyde Mitchell aliieleza mwaka 1956 baada ya kuitazama mjini Luanshya. Kati ya wachezaji kulikuwa na dokta aliyevaa koti jeupe lenye msalaba mwekundu, na nesi, mwanamke pekee katika kundi, aliyepita mstari mzima akiwa na kioo na kitambaa, ili kila mchezaji ajitazame na afute jasho. Mitchell aliona humo mambo ya mjini, watu wakijipa heshima ya kazi za kizungu. Sikatai. Lakini ngoma hiyo imetokana na beni iliyopita vitani, na vitani wapagazi walikufa kwa maradhi ambayo maji safi na mtu wa kuwashika mkono vingeyapunguza sana. Nesi anayepita taratibu kwenye mstari, asimruke hata mmoja, anafanya kazi ambayo mwaka 1917 haikufanywa. Sijui kumbukumbu iliyo na huruma kuliko hiyo.

Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, na maandishi ya Rudyard Kipling chini yake. Ni kazi nzuri. Yule askari ameinama mbele na bunduki yake kwa namna ambayo macho hayachoki kuiangalia. Nairobi kuna sanamu za wakati huohuo, na huko mpagazi amepewa nafasi yake pembeni ya wenzake. Maandishi nayo yanawataja wapagazi, kwa jumla, bila jina. Siibezi shaba. Ila shaba ikishamiminwa, kazi imekwisha, na magari yanaizunguka mwaka baada ya mwaka bila dereva kugeuza shingo. Mganda hauwezi kuachwa usimame wenyewe. Vibuyu vinapasuka, utando unachanika, vijana wanahama. Kila kizazi lazima kitafute vibuyu upya, kiwambe utando upya, na kifundishwe upya kuuchelewesha mguu. Kukumbuka kunakuwa kazi ya mikono.

Songea, safari ya kupanda kutoka ziwani, ina namna nyingine. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, penye kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906, na kaburi la Nduna Songea Mbano likiwa peke yake. Wangoni hucheza ngoma zao hapo, ligihu na lizombe, mbele ya makaburi yenyewe. Pale pana tarehe, pana mahali, pana majina yaliyochongwa. Ni haki yao, na taifa limefanya vema kuitunza. Tengatenga hana siku yake wala kaburi lake. Ndiyo maana nadhani ngoma yake ilibidi iwe ya kutembea, ya kwenda kijiji hadi kijiji kwa mtumbwi na kwa miguu, ikipokewa kwa ugali wa muhogo na samaki wa ziwa, na kushindanishwa na kikosi cha wenyeji mpaka jua linazama upande wa Malawi.

Vijana wa leo hawaimbi juu ya Karonga wala Abercorn. Wanaimba juu ya mapenzi, mpira, bei ya dagaa, uongozi, maradhi. Sioni ubaya. Wimbo umekuwa ukibadilika tangu mwanzo, na kama ungebaki ule wa mwaka 1919 ungekuwa umeshakufa. Kilichobaki pale pale ni mstari, filimbi, ule mguu uliocheleweshwa, na ile sauti ya shaba inayotoka kwenye kibuyu. Ukimwuliza kijana kwa nini anauinua mguu hivyo, atakwambia ndivyo alivyofundishwa. Jibu hilo lanitosha, kwa sababu aliyemfundisha alifundishwa na mtu, naye alifundishwa na mtu aliyerudi.

Kinachonitia hofu ni fundi. Wachezaji wapo. Sare zinashonwa, na spika za kukodi ziko kila mahali, kwa hiyo mlio unaweza kupatikana bila kibuyu. Siku kibuyu kitakapoachwa, mganda utabaki kuwa vijana waliovaa vizuri wakitembea kwa kufuata muziki wa mashine, na sauti ya mwanadamu iliyovaa shaba haitasikika tena ziwani. Ustadi wa kuusikiliza utando wa buibui haujaandikwa kwenye kitabu cha kiada, wala haufundishwi chuoni. Uko kwenye masikio ya wazee.

Kwa hiyo ninyi wenye kwao Mbamba Bay, Liuli, Likoma au Nkhata Bay: mnapokwenda nyumbani likizo, mtafuteni fundi wa vibuyu kabla hamjamtafuta kiongozi wa kikosi. Kaeni naye siku nzima. Mwulizeni alichagua vipi shingo, nta aliichanganya na nini, utando aliutoa kwenye ukuta gani. Rekodini sauti ya kila kibuyu peke yake, kisha vyote pamoja. Andikeni jina lake, la mwalimu wake na la mwalimu wa mwalimu wake, mpaka pale orodha itakapogoma. Maofisa utamaduni wa wilaya, hiyo ni kazi yenu pia, na haihitaji fedha nyingi. Na walimu wa shule za mwambao, pandeni mbegu za vibuyu kwenye shamba la shule msimu huu wa mvua.